Reli Inayomfika Mama Kifuani

Gerezani, Dar es Salaam
Alhamisi asubuhi

Dada yangu Zamzam,

Shikamoo dada. Ni mimi mdogo wako Hajira, na kabla hujashtuka kukuta bahasha ndani ya furushi la vitenge ulivyoagiza, nakutoa hofu mapema: hakuna aliyekufa na hakuna anayeumwa. Mama mzima, anakula, anagomba kama kawaida yake. Shemeji yako Uwesu hajambo, watoto nao wanakuamkia, wanauliza lini wataletwa tena Tanga kula machungwa. Mimi nipo, namshukuru Mungu, ila vidole vimejaa grisi na utaona alama zake kwenye karatasi. Nimenawa kwa sabuni ya unga na bado. Na ninyi huko je? Shemeji mgongo wake umepoa? Mpe salamu zangu, mwambie aache kubeba magunia kama kijana.

Najua unajiuliza kwa nini sikupiga simu. Nimepiga, dada, na kila nikipiga naishia kusikiliza habari za mafundi wako wa rangi. Wewe kwenye simu humwachi mtu amalize. Mama mwenyewe ndiye aliyesema nikuandikie, kwa maana karatasi haiwezi kukatizwa. Kwa hiyo kaa chini, zima jiko, soma mpaka mwisho.

Nianze na lile ambalo sikuwahi kukuambia waziwazi. Uliponitumia picha za chumba ulichomwandalia Mama, chenye dirisha la kutazama mchungwa na kitanda kipya, nilikujibu kwamba kizuri, na kweli ni kizuri. Lakini nilijifungia chooni nikalia. Sitaki Mama aondoke Dar. Sina hoja ya maana, wewe ndiye mwenye hoja. Tangu alipoteleza kwenye ngazi hajakanyaga chini, anaishi ghorofani Mchafukoge kama ndege kwenye tundu, na mimi nashinda karakana ya vyuma huku Gerezani. Nyumba yako haina ngazi hata moja. Tukakubaliana mwisho wa mwezi huu uje na gari umchukue, na Mama akanyamaza, nasi tukahesabu ukimya wake kuwa ndiyo.

Ngazi zenyewe unazikumbuka. Zinapanda kwa kuzunguka ule ukuta wa duara, zinakata kushoto mpaka mlangoni kwetu, na ile reli ya mbao tuliyokuwa tukitelezea utotoni ililiwa na mchwa zamani. Mwenye nyumba kila akiambiwa anasema inshallah. Kwa hiyo Mama hununua vitu kwa kikapu. Anakishusha kwa kamba kutoka roshani, chini anakipokea Mzee Haruna, anakijaza, Mama anavuta. Huyu Mzee Haruna ni yule fundi wa cherehani aliyehamia barazani kwetu baada ya wewe kuolewa, mrefu, mpole, mjane kama Mama, na mguu wake wa kushoto haukunjiki vizuri tangu alipogongwa na bodaboda. Ulimwona siku ya maulidi, ukasema kanzu yake ingetosha kuwa pazia la ukumbi.

Sasa siku moja nilimpelekea Mama unga, akaniambia anataka reli kwenye ngazi. Hakusema zaidi. Dada, nilitaka kumbeba nimzungushe sebuleni! Nilijua maana yake. Mama anataka kushuka. Mtu anayeshuka mwenyewe kwenda sokoni hahitaji kuhamishiwa Tanga, na wewe mwenyewe ungekubali. Nikamwambia reli atapata, na nitaikunja kwa mikono yangu.

Kwa kuwa tangu niingie kwenye karakana hii hujawahi kuniuliza kazi yangu inafanywaje, zaidi ya kusema mtoto wa kike gani huyu, nitakueleza sasa, na safari hii huwezi kukata simu. Mashine ya kukunja mabomba ina rola tatu, kila moja ina mfereji wa kulaza bomba. Mbili ziko chini, zimetulia. Ya tatu iko juu katikati yao, na inashuka kwa skrubu nene yenye usukani. Unalaza bomba, unashusha rola ya juu mpaka ilibane, unazungusha mkono wa mashine, bomba linakwenda na kurudi. Kila likirudi unakaza kidogo, na kila ukikaza linajikunja kidogo. Mwenye pupa akikaza kwa mkupuo mmoja, bomba linabonyea tumboni na halifai tena. Halafu bomba ni kaidi. Ukilegeza rola linajinyoosha kiasi, kwa hiyo inabidi ulikunje kupita pale unapotaka, ili likirudi likae mahali pake. Na jambo jingine, ambalo ulishike kwa sababu nitalirudia, ni kwamba ncha za bomba hazikunjiki. Rola inahitaji bomba lishikwe pande zote, na pale mwishoni hakuna pa kushika. Kwa hiyo kila kazi inatoka na kipande kilichonyooka huku na huku, na sisi tunavikata, tunavitupa kwenye chakavu.

Mashine yetu kwa sasa inaumwa. Kishikio cha rola ya juu kimelika upande mmoja, rola imeinama, na bomba likipita linasukumwa pembeni badala ya kukaa kwenye mstari. Upinde ukiutazama kwa mbele ni mzuri, ukiulaza sakafuni mguu mmoja unaelea. Nice, yule mpambaji wa kumbi mwenye duka Kariakoo, alituletea upinde wake wa maua kwa hasira, akisema ulikuwa unawainamia wageni mpaka bwana harusi akala keki huku ameushikilia. Kasmir, mwenzangu hapa karakana, mtu wa Rombo asiyependa kushindwa, akautwanga nyundo ili ulale. Ukawa mbaya zaidi, tukauegesha ukutani tusiuone.

Ndio niliokuwa nautazama kesho yake, nikiwaza ngazi za Mama. Reli ya ngazi kama zile haitakiwi ilale. Inatakiwa ijikunje huku ikipanda. Kumbe ule ugonjwa tuliokuwa tukiulaani ndio dawa! Nikamwita Kasmir, nikauinua upinde wa Nice ubavuni mwa ukuta, nikamwonyesha. Akasema kwamba basi tuizidishie mashine maradhi. Tukaweka washa, kile kipete bapa cha chuma, chini ya upande mmoja wa rola ili iiname zaidi, tukalaza bomba jipya.

Hapo tukafanya upuuzi ambao mtaa mzima wa Gerezani bado unatucheka. Bomba lilitoka zuri sana, laini, limepanda kwa mwendo mmoja bila kubonyea. Tukalitoa nje, nikasimama kama ninayepanda ngazi, nikaona linakata kulia. Ngazi zetu zinakata kushoto. Kasmir akasema si tatizo, tuligeuze juu chini. Tukaligeuza. Linakata kulia. Akasema tulianzie mkiani. Tukalianzia mkiani. Kulia. Wakakusanyika wauza mikanda, wapakia mizigo, mama mmoja wa chapati, kila mmoja ana maoni. Mmoja anasema lilaze ubavu, mwingine anasema vuta kwako, na bomba linageuzwageuzwa barabarani, na kila likisimama linakata kulia. Mama wa chapati ndiye aliyetuambia tuache kuwasumbua watu, kwamba hata kamba iliyosokotwa ukiigeuza haibadili msokoto wake. Kasmir alinunua chapati, akarudi ndani, akahamishia washa upande wa pili mpaka rola ikainama kinyume. Bomba la pili likakata kushoto. La kwanza tumelitundika juu ya mlango wa karakana, na watu wanalisifu kwamba ni pambo.

Ikabaki vipimo. Kimo cha reli nilitaka kukipima mwenyewe, kwa mkono wa Mama, kwa sababu yeye ni mfupi, unamjua, tukimsimamisha karibu na friji haonekani upande wa pili. Akakataa. Akanipa uzi mweusi wa cherehani wenye fundo, akasema kutoka kwenye ngazi mpaka kwenye reli pawe urefu wa uzi mpaka kwenye fundo. Nikausimamisha mbele yake, fundo likamfika kifuani. Nikamwambia Mama, hapa utashika reli kama mtu anayening'inia dirishani. Akaniambia nifanye alivyosema, au nimpe kazi hiyo fundi mwingine. Nikadhani uzee unamwingia. Nilikaribia kukuandikia siku ile ile kwamba pengine umchukue tu.

Halafu kile kipande kilichonyooka. Nilimwambia kwamba upande wa juu, mbele ya mlango, nitakikata ili reli iishie vizuri. Akaniuliza kina urefu gani. Nikamwonyesha kwa mikono. Akasema nikiache kama kilivyo, kwa maana mtu akimaliza ngazi anahitaji pa kushika huku anapumua kabla ya kubisha hodi. Nikasema Mama, wewe utabisha hodi kwenye mlango wako mwenyewe? Akaenda jikoni.

Tuliibeba Jumamosi kwa mkokoteni, vipande viwili, kupitia katikati ya Kariakoo. Watoto wakatufuata wakiamini ni bembea. Kasmir akatoboa ukuta, mimi nikachomelea viungo, nikalainisha kwa grainda na msasa mpaka kiganja hakihisi mshono, tukapaka rangi ya kijani aliyoichagua Mama. Dada, sijisifu, lakini siku ukiishika utanielewa. Inakupokea chini na kukupandisha bila kukuachia popote. Mzee Haruna alikuja mpaka kwenye ngazi ya kwanza, akaigusa, akaniombea dua, akarudi kwenye cherehani zake.

Na Mama hakushuka! Nilingoja. Jumapili hakushuka. Katikati ya wiki nikamkuta anavuta kikapu roshani kama kawaida, nikamuuliza kwa hasira kwamba je, tumetoboa ukuta bure? Akajibu kwamba reli haiozi. Nilirudi nyumbani nimenuna, Uwesu akanipikia chai hata sikuinywa. Siku zilikuwa zinakwenda, gari lako linakuja, na mimi nilikuwa nimeshapanga moyoni jinsi nitakavyokupigia simu kukuambia Mama yuko sokoni Kisutu anachagua nyanya.

Mambo mengine nilikuwa nayaona bila kuyaona. Kwenye kikapu kulikuwa na changu wa kukaanga kutoka Feri, bado wa moto, na Mama hakuwa ameagiza samaki. Siku nyingine kikuba cha asumini. Nikamtania kwamba siku hizi ananukia kama mwari, akanirushia kitambaa cha sahani.

Basi Ijumaa iliyopita nilikuwa kwake baada ya swala. Ameoga, amevaa dera jipya, anapanga vikombe. Nikasikia ngazini fimbo inagonga, kisha kimya, kisha inagonga. Nikataka kutoka, Mama akanishika mkono. Akasema niketi. Tukaketi. Fimbo ikaendelea kupanda polepole, na katikati ya mlio wake nikasikia kitu kingine, kiganja kinachotelezeshwa juu ya chuma changu. Nikatazama kwa upenyo wa mlango. Alikuwa Mzee Haruna, kanzu nyeupe, kofia ya mkono, jasho linamtiririka. Alifika juu, akakishika kile kipande kilichonyooka, akasimama. Reli ilikuwa imekaa kiunoni mwake, sawa kabisa, bila kuinama wala kuinua bega.

Akapumua mpaka pumzi zikamrudia. Ndipo akasema hodi. Na Mama yetu, dada, alihesabu vikombe vyake tena kabla ya kumwitikia.

Sasa umeshajua, na ninayakamilisha kwa maneno yaliyo wazi, kama Mama alivyonieleza siku ile. Mzee Haruna amemposa Mama. Alianza kwa kumtumia ujumbe kwenye kikapu, akiomba alete washenga, wazee wawili wa msikitini, wazungumze na Mjomba Abdulkadiri kama desturi. Mama akamjibu kutoka roshani, mtaa mzima ukisikia, kwamba yeye si kikapu, havutwi kwa kamba. Hataki kuposwa na watu waliotumwa, aliposwa hivyo mara ya kwanza na hakuona uso wa mwanamume mpaka siku ya harusi. Safari hii anayemtaka apande mwenyewe, kwa miguu yake, abishe hodi mlangoni. Mzee Haruna akautazama mguu wake, akazitazama ngazi zisizo na pa kushika, akarudi kuketi. Mama akaingia ndani. Kesho yake akashusha kikapu na uzi mweusi, akamwambia ausimamishe kutoka ardhini, afunge fundo mahali mkono wake unapotulia anapotembea, na asiulize. Masikini alidhani anashonewa kanzu. Siku ile ile ndiyo aliyoniambia anataka reli.

Unaona? Alimwekea sharti gumu, kisha akanituma mimi nimrahisishie. Na hila hiyo hakumwambia yeyote.

Nitakuwa mkweli, sikufurahi papo hapo. Nilimfikiria Baba, Mungu amrehemu. Nilijiona nimefanywa fundi wa kuleta baba wa kambo. Nikashuka bila kuaga, na katikati ya ngazi nikajikuta nimeshika reli, juu kupita kimo cha mkono wangu, nikasimama pale nikilia na kucheka kwa pamoja. Nikakumbuka jinsi Mama alivyonyamaza tulipompangia chumba chako. Tulimpangia pa kulala, tukampangia dirisha, tukampangia mchungwa. Hakuna aliyemuuliza kama bado anataka kitu. Nikarudi juu, nikamwamkia Mzee Haruna pale kwenye kigoda nje ya mlango, nikamimina kahawa. Kanzu yake ilikuwa bado imelowa jasho kwa zile ngazi, lakini alikuwa anatabasamu kama mtu aliyefika Makka.

Mama anasema chumba chako usikivunje. Atakuja Tanga, atakaa hata mwezi, atalala kwenye kitanda kipya na kuamriana nawe jikoni mpaka mchokane, lakini anataka kuja kama mgeni, na mgeni ana kwao pa kurudi. Anasema anajua ulivyohangaika, na kwamba ameshindwa kukuambia kwa mdomo kwa sababu ukilia yeye hulegea na kukubali kila kitu. Kasmir naye nimeshampa kazi. Tunakunja reli ya pili wiki hii, itakaa chini ya ile ya kwanza, kwa kimo cha mkono wa Mama, ili washuke wote wawili kila mmoja na yake. Rola tumeiacha imeinama hivyo hivyo, upande ule ule, na Nice inabidi angoje.

Sasa kinachosubiriwa ni wewe. Mjomba Abdulkadiri ameridhia, tena alicheka mpaka akakohoa. Mimi nimeridhia. Lakini Mama amemwambia Mzee Haruna kwamba amezaa mabinti wawili, na hawezi kuolewa kwa radhi ya mmoja. Mpaka jibu lako lifike hamkaribishi ndani. Na yeye mzee wa watu hachoki. Tangu Ijumaa anapanda kila alasiri, anashika kile kipande, anapumua, anabisha hodi, anauliza kama Tanga wamejibu. Mama anamwambia bado, anampa kahawa hapo hapo nje kwenye kigoda, wanaongea na mlango uko wazi katikati yao, kisha anashuka.

Msalimie shemeji na wote wanaoniulizia. Vitenge vimekamilika, hesabu kabla hujamwachia mtu wa basi. Mama anakusalimu na anakuombea usiku na mchana, na ameniambia nisikushawishi, kwa hiyo sikushawishi. Nakuomba tu, vyovyote moyo wako utakavyokuambia, usikawie, dada. Ngazi ni nyingi, na mguu wa mzee unauma.

Ni mimi mdogo wako akupendaye,
Hajira